Bado Niko Dilmuni, Mama

Mama, ambaye shuleni ilinibidi nikuite Madam,

Nakuandikia nikiwa kibandani kwangu, kwenye geti la ghala la vyakula huku Industrial Area, Doha. Kiyoyozi kimekufa tena. Usianze kunihurumia, feni ipo na maji baridi yapo. Mbele yangu kuna kile chuma kirefu cha rangi nyekundu na nyeupe. Lori likija nakiinua, likishapita nakishusha, na hiyo ndiyo kazi yangu tangu nilipofika. Leo tangu asubuhi vimepita vitunguu vya India, mchele wa Pakistan, ndizi za Ufilipino na maziwa ya Uturuki. Kila kitu cha duniani kinapita hapa mbele ya macho yangu na kwenda kinakokwenda, isipokuwa mimi.

Jana Wakesho alinipigia simu. Unamjua binti yako, akiwa na jambo hana salamu ndefu. Alisema fundi amepatikana, saruji imeshaletwa, na wanataka kulijengea kaburi lako kabla mvua za vuli hazijaanza, maana zile za masika zimelididimiza upande wa miguuni. "Sasa useme, kaka. Tukungoje ama tujenge?" Nikamwambia anipe mpaka Ijumaa.

Najua utauliza kwa nini mambo ya kaburi lako yaningoje mimi niliye mbali, basi nikueleze. Siku uliyozikwa watoto wako wote walitupa udongo, ila mimi kifungua mimba wako sikuwepo. Mchungaji alipowaashiria vijana waendelee na majembe, Wakesho aliwasimamisha. Akachota udongo kwa mikono yake, akauweka kando, akaufunika kwa karai na kugandamiza jiwe juu. Akasema, "Hili ni fungu la Mwadime. Atalitupa mwenyewe akija." Mashangazi walinung'unika kwamba mila hiyo ameitoa wapi. Hakuitoa popote, aliitunga palepale kwa uchungu. Tangu siku hiyo karai halijaguswa na kaburi halijajengewa, kwa sababu zege likishamwagwa mimi nitautupia wapi huo udongo? Mwaka umepita sasa. Mwalimu mzima umelala chini ya tuta linaloota magugu, na sababu ni mimi.

Siku hizi nalikumbuka sana darasa lako la Form One. Shule nyingine watoto walikuwa wanakariri Mesopotamia kama vile wanakariri namba za simu za watu wasiowajua. Wewe uliingia na kikapu. Ukatupanga kwa madawati. Wale wa mbele kushoto walikuwa Sumeri, ukawapa karai la udongo wa mfinyanzi na shayiri, ambayo tuliotoka nyumbani kwako tulijua kabisa ni mtama wa jikoni. Wale wa nyuma walikuwa Magani, nchi ya shaba, ukawapa nyaya za umeme ulizozichuna ganda. Wa mlangoni walikuwa Lebanoni, wakapewa vijiti. Wa dirishani walikuwa Bonde la Indus, na hao uliwapa shanga zako mwenyewe, zile ulizokuwa hutaki hata Wakesho azishike.

"Haya, Sumeri," ulisema, "nijengeeni hekalu lenye mlango na paa."

Wakaangaliana. Walikuwa na udongo na nafaka, mito yao miwili imewapa hivyo tu. Hawakuwa na mti wa kufanya boriti, wala jiwe, wala shaba ya kutengenezea shoka.

"Basi mtakaa hapo mkilia?" uliuliza. "Hao watu walikuwa na shida kama nyinyi. Shida hiyo ndiyo iliyowatoa nje, ikawafanya wahesabu, waandike, wajenge mashua. Mtu mwenye kila kitu kwake hana haja ya kumjua jirani."

Ukatuuliza mama zetu wakiletewa mboga kwa bakuli na jirani wanafanyaje. Darasa zima likajibu kwamba bakuli la mtu halirudishwi tupu. Unatia unga, unatia ndizi, hata kama ni chumvi unatia. Ukasema hapo hapo ndipo biashara ilipoanzia, kwenye bakuli la jirani, na wafalme na majeshi yao walikuja baadaye kudandia. Sijawahi kusahau. Nilipokuja kuona bandari yenye winchi ndefu kuliko kanisa letu, bado niliona bakuli.

Mchezo wako ulikuwa na sheria moja. Hakuna nchi kuinuka kwenye kiti chake, bidhaa ndizo zinazotembea, na zote zinapita katikati. Na katikati, kwenye dawati la peke yake, ulimweka mwanao.

"Wewe Mwadime ni Dilmuni," ulisema. "Uko kwenye bahari ya Ghuba, kati ya wote. Una maji matamu na tende. Huna kingine cha maana, lakini kila anayepita lazima atue kwako anywe."

Ulinipa jagi la maji na kikombe. Shaba ikanipitia kwenda kushoto, mtama ukanipitia kwenda nyuma, shanga zikanipitia. Mwisho wa kipindi Sumeri walikuwa na kihekalu chenye mlango, Magani walikuwa na mtama wa kula, na mimi nilikuwa na jagi tupu na suruali iliyolowa. Ukawaruhusu wote wakacheze. Mimi ulinibakisha mpaka vitu vyote viliporudi kikapuni. "Wa katikati hainuki wakati mali bado inatembea," ulieleza. Ndipo ukasema, "Dilmuni, simama."

Kila kipindi cha biashara nilikuwa Dilmuni. Jioni moja nikakufuata jikoni nimevimba kwa hasira, nikakuuliza kwa nini mimi siwi Indus hata mara moja. Hukugeuka, ulikuwa unapepeta mahindi. "Mtoto wa mwalimu nikimpa shanga, wazazi wa watu watasemaje?" Basi, kesi imekwisha. Aliyewahi kusomeshwa na mzazi wake ananielewa. Sisi ndio tuliochapwa mara mbili, moja kwa kosa letu na ya pili tuwe mfano kwa wengine.

Unakumbuka pia kile kipindi cha Misri? Ulichora mto ubaoni, ukapaka chaki huku na huku, ukasema Wamisri walibahatika, jangwa liliwakinga pande zote mbili, maadui walikuwa wanachoka kabla hawajafika. Nikanyoosha mkono. "Madam, na kama Mmisri mwenyewe anataka kutoka?" Wenzangu walicheka. Wewe ukauliza kama swali hilo litakuja kwenye mtihani, nikakaa. Lakini usiku ule, tukiwa tunakula, uliweka kijiko chini ukasema, "Lile swali lako nimelifikiria. Sijui jibu lake." Wewe, kusema hujui! Nilijiona mtu mkubwa wiki nzima.

Na ile rafu yako ya mikebe. Mikebe ya mafuta ya kupikia, imeoshwa, kila mmoja na udongo wake. Udongo mweusi wa ukingo wa mto Voi ndio uliokuwa Naili. Mwekundu wa Maktau ulikuwa jangwa, ingawa jangwa lenyewe nimekuja kuliona si jekundu. Ule wenye rutuba wa kwetu Wundanyi, milimani, ulikuwa hauna nchi. Ulikuwa unautumia kutuambia kwamba Taita nayo ni Dilmuni, milima yenye maji katikati ya nyika kavu, na misafara ya kwenda bara ilikuwa haina ujanja, lazima itue kwetu ijaze vibuyu na kununua chakula. "Hamkuzaliwa mahali pa kupuuzwa," ulikuwa unasema. Lakini shule ilikuwa huko chini Voi, mimi nilikuwa naangalia dirishani, naona vumbi tu, siamini.

Nilipopata kazi ya huku, wengine nyumbani walilia. Wewe ulifungua atlasi. Ukaweka kidole Doha, ukakisogeza kidogo kushoto mpaka Bahrain, ukacheka peke yako. "Dilmuni yenyewe, kwa jirani! Unakwenda njia ya zamani, mwanangu." Ukaniambia wavuvi wa kale wa pwani hii walipikia vyungu vya Mesopotamia, na vigae vyake vimeokotwa mchangani. Pale uwanja wa ndege, watu wanaombeana na kushikana mikono, wewe ulinivuta kando ukaninong'oneza: "Niletee udongo wa huko. Mkebe mmoja tu. Watoto washike." Mama gani humwagiza mwanawe udongo kutoka Uarabuni? Wenzangu waliagizwa dhahabu.

Na simu zako! Okello, Mganda ninayelala naye chumba kimoja na kufanya naye kazi hapa ghalani, alikuwa akisikia nikiongea anauliza kama nahojiwa kazi nyingine. Hukuniuliza kwanza nimekula nini. Uliuliza maji yanatoka wapi.

"Baharini, Mama. Wanayatoa chumvi."

"Kumbe! Zile chemchemi za watu wa kale wamezifanya nini? Na nyanya?"

"Zinaletwa kwa lori kutoka Saudia."

"Zinapita mipaka mingapi?"

"Mmoja. Kwa nchi kavu uko mmoja tu."

Nikasikia kuku wako kwa nyuma. "Mlango mmoja," ulisema. "Haya, Mungu awasaidie."

Kisha mwaka 2017, Ramadhani, ule mlango ukafungwa. Majirani walikosana, na asubuhi hiyo watu walijaa madukani wakibeba maziwa na kuku kama kwamba kesho haipo. Rafu za maziwa zilibaki na bei tu. Baada ya siku chache vitu vikaanza kuja kwa njia nyingine, meli kutoka Oman, ndege kutoka Uturuki, mboga kutoka Iran. Ghala letu halikulala. Nilikuwa nainua chuma na kushusha mpaka bega likawa linauma. Maandishi ya paketi yalibadilika, nikawa sijui hata maziwa ni yapi na mtindi ni upi.

Wewe ulifurahi kupita kiasi, nikuambie ukweli. Ulikuwa unanipigia kila siku. Nilipokuambia kuna tajiri anayewaleta ng'ombe kwa ndege, ulicheka mpaka ukashikwa na kikohozi. "Ng'ombe angani! Sasa nchi nzima inafanya zoezi langu." Halafu ukauliza habari yangu, na likizo yangu ya Agosti. Nikakuambia tangazo limebandikwa: hakuna likizo mpaka hali itulie, kwa sababu ghala la chakula sasa ni jambo la nchi. Ili nikufurahishe nikasema, "Unajua tena, Dilmuni hainuki wakati mali inatembea."

Hukucheka. "Mwanangu," ulisema, "ule ulikuwa mchezo wa darasani."

Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho ninayoyakumbuka vizuri. Baada yake tuliongea habari ya paa linalovuja na dawa zako za presha.

Wakesho alipiga nikiwa nimeinua chuma, lori la vitunguu liko nusu ndani nusu nje. Akasema umeangukia jikoni, na hospitali wamesema basi. Dereva alipiga honi. Nikakaa vilevile nimeshikilia kile chuma, dereva akapiga honi tena, mpaka Okello akatoka ndani akanishika mkono, akakishusha yeye.

Nilikwenda kwa mandubu, yule anayeshughulika na karatasi zetu za kampuni. Mama, nataka ujue kwamba hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Aliweka mkono kifuani, akakuombea rehema, akanipa chai kwa mkono wake. Kisha akanieleza kwamba ili nitoke nchini lazima kuwe na ruhusa ya kutoka, na ruhusa inasainiwa na mudiri, yaani meneja, na mudiri amesema geti haliwezi kubaki bila mtu wakati huu. "Subiri, sadiki. Bukra, inshallah." Sadiki ni rafiki, na bukra maana yake ni kesho. Nilikwenda kesho yake, na kesho ya kesho yake. Kila nikienda kuna chai, na kila nikienda ni bukra. Pasipoti yangu ilikuwa kwenye kabati nyuma ya kiti chake, ningenyoosha mkono ningeigusa.

Nilikasirika, Mama. Nilikasirika vile ambavyo hukunilea. Niliwaza kuacha chuma kikiwa kimeinuliwa nitembee niende zangu. Niende wapi? Kwa nchi kavu mpaka umefungwa, baharini sina chombo, angani sina ruhusa. Nilipanda juu ya paa la kambi yetu nikaangalia ile tambarare nyeupe isiyo na kilima hata kimoja, nikalikumbuka swali langu la Misri. Jibu lake ninalo sasa. Mmisri akitaka kutoka, hatoki. Lile jangwa lililomlinda halijali yeye yuko upande gani.

Na wewe unajua mambo ya kwetu, msiba hauendi mpaka watoto wote wamefika. Ukoo ulikungojesha mochari kwa ajili yangu. Watu wakala, wakalala, wakaimba, wakaanza kuniuliza kwa upole, kisha bila upole. Mwisho nilimpigia Wakesho nikamwambia, "Mzikeni." Neno hilo moja. Alikata simu bila kuniaga, na sikumlaumu.

Niliyaona mazishi kwenye simu. Wenzangu wa chumbani waliacha kazi zao za Ijumaa wakakaa nami sakafuni, Okello akaomba kwa lugha ya kwao, Mnepali wa kitanda cha juu akatupikia chai ya maziwa. Picha ilikuwa inaganda na kuendelea. Iliganda jeneza likiwa mdomoni mwa kaburi, na iliporudi nilikuta tuta. Kwa hiyo hata kwa macho sikukuona ukiingia.

Tangu hapo hali imetulia, maziwa yamejaa madukani, wamefuga ng'ombe wao hapahapa jangwani. Ungependa kuwaona. Likizo yangu haijatulia. Kila nikiuliza, jina langu lipo, ni mwezi ujao. Nimeshaizoea hiyo miezi ijayo, na kuizoea kwangu kunaniogopesha.

Lori limekuja. Nitaendelea.

Leo ni Ijumaa, nimetoka Najma, mtaa wa huko mjini. Nilikwenda kuonana na Kemunto, yule nesi Mkisii tunayesali naye, anayekaa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Yeye hospitali yao haina taabu, anasafiri kesho likizo ya mwezi mmoja. Nilimpelekea mkebe wako.

Ndiyo, mkebe upo. Niliujaza mwaka jana nilipoahidiwa ile likizo ya Agosti. Nilikwenda nyuma ya ghala, pale wasipomwaga zege, nikachota. Udongo wenyewe ni mweupe, mkavu, unapita vidoleni, na ndani yake kuna vigamba vidogo vya baharini. Umekaa chini ya kitanda changu mwaka mzima, nikisubiri kuuleta mwenyewe.

Tulikaa kwenye mkahawa wa Mmalabari, Mhindi wa kusini, Kemunto akafungua kifuniko akanusa. Manesi.

"Ni wa dawa?"

"Wa shule."

"Mwadime, mimi nabebea watu simu na blanketi. Airport wakiniuliza hii ni nini, nitasema nini?"

"Sema Mwalimu ameagiza."

Nikamweleza habari yako yote, na karai, na jiwe. Akaufunga mkebe, akaufunika kwa leso yake mwenyewe na kuutia kwenye mkoba, si kwenye begi. Nauli ya Voi aliikataa, akasema nisimtukane.

Nilipotoka hapo nikampigia Wakesho. Nikamwambia wajenge. Nilisema nimetuma udongo wa huku, aumwage kaburini kwa niaba yangu, kisha karai liondolewe na fundi aanze kazi. Nilisema kwa sauti ya mtu mzima. Yeye akauliza, "Una hakika?" Nikasema ninayo. Sikuwa nayo, Mama. Nilichokuwa nacho ni aibu ya kukuacha chini ya magugu mvua ya pili. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo sikumwambia. Muda wote lile karai liko pale, mimi nilikuwa na mahali panaponingoja. Kuna kitu kimoja duniani kilichokuwa hakiwezi kufungwa mpaka Mwadime afike. Sasa nimekifunga mwenyewe, kwa simu, nimesimama kando ya duka la viatu.

Nimerudi kambini na basi la kampuni. Nimejilaza bila kuvua viatu.

Barua hii imelala zaidi ya mwezi chini ya mto wangu. Ningeiacha hivyohivyo, lakini limetokea jambo.

Wakesho alinitumia picha. Kaburi limejengewa vizuri, limepigwa plasta, na jina lako limeandikwa pamoja na neno Mwalimu. Ule udongo wangu mweupe aliumwaga mbele ya watu wachache, akasema kwa sauti ni wa nani na umetoka wapi, na mashangazi safari hii hawakunung'unika. Niliangalia picha nikatafuta karai. Halikuwepo. Nikajua fundi amefagia kila kitu, nikaizima simu, nikaenda kazini.

Jana Kemunto amerudi. Alinipigia kwamba nina mzigo. Nikadhani ni karanga, au ile chai ya majani unayojua naipenda. Nilipofika Najma akautoa mkobani, umefungwa kwa leso ileile. Mkebe wako. Mzito.

"Dada yako amesema hivi," Kemunto aliniambia, akikumbuka neno kwa neno kama anavyokumbuka maagizo ya daktari. "Amesema kwenu chombo cha mtu hakirudi kitupu."

Nilifungua palepale mezani. Ulikuwa udongo mweusi wa Wundanyi, una vimizizi, una unyevu bado. Fungu langu, Mama. Lote. Wakesho aliliinua karai kabla fundi hajafika, akalichota lile fungu, na kulitia kwenye mkebe nilioutuma. Halafu likasafiri, Wundanyi mpaka Voi, Voi mpaka Nairobi, Nairobi mpaka huku, likipita kwenye kila mlango ambao mimi nimeambiwa bukra. Nililia mkahawani mbele ya watu. Mmalabari alileta maji, hakuniuliza, na hakuyatoza.

Leo nimekuja nao kazini. Uko hapa kibandani, kando ya chupa yangu ya maji. Okello anasema sheria ya ruhusa za kutoka imebadilishwa, wengi wetu sasa tutasafiri bila kusainiwa na mtu. Asubuhi nimekwenda kwa mandubu. Amenipongeza, amenipa chai. Pasipoti iko kabatini, ufunguo wa kabati anao mudiri, na mudiri yuko safarini. Nimesema ahsante. Nimerudi getini.

Huu udongo ni wa kutupwa, lakini huku sina pa kuutupia. Nimeushika tu. Nimetia vidole ndani, nimenusa, unanukia nyuma ya jikoni kwako baada ya mvua. Lori likija naweka mkebe chini, nainua chuma, nashusha, nauchukua tena.

Madam, wangu ulikwenda na wako umerudi. Shanga ziko kwa wenyewe, mtama uko kwa wenyewe, hekalu lina mlango. Wenzangu wote wameshakwenda kucheza. Mali imemaliza kutembea, na mimi bado nimeketi hapa nakuangalia mdomo.

Sema basi, Mama. Sema Dilmuni, simama.

Ni mimi mwanao, wa dawati la katikati,

Mwadime